Nyama Zinapocheza na Viungo Kulegea: Namna ya Kukabili Hofu ya Ugonjwa

Kwa Kiswahili msuli unaoruka bila kuamrishwa husemwa kuwa "unacheza". Jicho linacheza, nyama ya paja inacheza, kidole gumba kinacheza. Wazee wa sehemu nyingi walikuwa na tafsiri zao, kwamba ukope wa juu ukicheza utamwona mgeni na wa chini ukicheza utalia, na baada ya kutoa tafsiri hiyo mtu aliendelea na shughuli zake. Hali ni tofauti kwa mtu ambaye nyama zake zimecheza kwa wiki tatu, mguuni, mkononi na mgongoni, ambaye anahisi kwamba mkono mmoja umekuwa mzito kuliko mwingine, na ambaye usiku mmoja aliandika dalili hizo kwenye simu akakutana na majina ya magonjwa yanayopoozesha. Tangu usiku huo mtu huyo anauchunguza mwili wake kwa zamu, asubuhi, mchana na kabla ya kulala, kama mlinzi anayezunguka ua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Nauandika nikiamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba anachokihisi ni cha kweli na hakukibuni, na kwamba hofu yenyewe inaweza kuwa sehemu kubwa ya mateso yake. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza si kujituliza. Hatua ya kwanza ni kupimwa vizuri, mara moja, na mtu anayejua kupima. Hatua ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kuacha kujipima.

Hali zisizosubiri

Zipo hali ambazo mtu akiwa nazo aache kusoma na aende hospitali saa hiyo hiyo. Uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, au maneno kutotamkika, ni dalili za kiharusi. Udhaifu unaoanza miguuni na kupanda juu kwa muda wa saa au siku chache, hasa kwa mtu aliyetoka kuugua kuhara au mafua, huweza kuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao unaweza kufika hadi kwenye misuli ya kupumua. Kupumua au kumeza kwa shida, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa pamoja na ganzi sehemu za makalio na mapaja, na mkojo wenye rangi ya chai nzito unaoambatana na misuli kuuma na kulegea baada ya kazi au mazoezi makali, vyote ni vya dharura. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, kwa kuwa tukio la namna hiyo hutakiwa kuripotiwa katika ufuatiliaji wa polio.

Hali nyingine hazihitaji kukimbia usiku, lakini zinahitaji kuonana na daktari ndani ya siku chache: kope zinazoshuka na kuona vitu viwiliviwili, hasa jioni baada ya kazi, nyama za kiungo kimoja zinazopungua kwa kuonekana, na kiungo kinachozidi kushindwa kazi wiki hadi wiki. Katika maeneo yanayotegemea mihogo michungu, kama baadhi ya sehemu za Kongo, Msumbiji na Tanzania, miguu yote miwili kukakamaa ghafla wakati wa ukame, mihogo inapoliwa bila kulowekwa na kukaushwa vya kutosha, ni dalili ya ugonjwa wa konzo unaotokana na sumu ya sianidi, na huo haupaswi kuchukuliwa kuwa wasiwasi wala kurogwa.

Kushindwa na kuhisi kushindwa

Asiye na dalili hizo ana swali moja kubwa la kujiuliza, na ninaomba alisome polepole, kwa sababu ndilo linalotenganisha njia mbili. Je, ipo kazi ambayo kiungo hiki kilikuwa kikiifanya na sasa hakiwezi kuifanya? Udhaifu wa kweli wa neva au misuli hujulikana kwa kazi iliyoshindikana. Ndala inavuka mguuni bila mwenyewe kujua, kwa sababu mguu hauinuki tena vizuri. Ufunguo haugeuki mlangoni, kifungo cha shati hakiingii, ndoo iliyokuwa ikiinuliwa kila asubuhi haiinuki. Mara nyingi watu wengine huona mabadiliko hayo kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Hisia ya udhaifu ni jambo lingine. Mkono ni mzito, miguu inatetemeka, mwili mzima umelegea, lakini ngazi zinapandika, nguo zinafuliwa, na mtoto anabebwa. Lugha yetu inaijua hali hii siku nyingi. Mtu akipata habari za msiba husema "niliishiwa nguvu", na kweli huhitaji kushikwa na kukalishwa, ingawa misuli yake haina ugonjwa wowote. Hofu kubwa humimina adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukazwa tayari kwa kukimbia, na baada ya muda misuli iliyokazwa bila kukimbia huchoka na kutetemeka. Anayeogopa ugonjwa kwa miezi mitatu anaishi katika hali hiyo siku nzima, na uchovu wake si wa kuigiza.

Kucheza kwa nyama nako kuna sababu nyingi za kawaida. Kukosa usingizi, kahawa na chai nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa, mazoezi makali, homa iliyopita karibuni, na msongo wa mawazo huzifanya neva ziwe nyepesi kurusha ishara. Kupumua harakaharaka kwa hofu, hata bila mtu kutambua, hupunguza kabonidayoksaidi katika damu, na mabadiliko hayo husababisha ganzi vidoleni na kuzunguka midomo, misuli kubana, na nyama kucheza. Baadhi ya dawa pia huchangia: salbutamoli ya pumu huweza kutetemesha mikono, na dawa za kuongeza mkojo wanazopewa watu wenye shinikizo la damu huweza kupunguza potasiamu mwilini.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi katika jambo hili ni ule wa ALS, ambao huua taratibu neva zinazoendesha misuli. Ulimpata mchezaji wa besiboli Lou Gehrig wa Marekani, aliyefariki mwaka 1941, na mwanafizikia Stephen Hawking wa Uingereza, aliyegunduliwa kuwa nao mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21 na kufariki mwaka 2018. Mwaka 2014 video za watu waliokuwa wakijimwagia maji ya barafu ili kuchangia utafiti wake zilisambaa duniani kote, na mamilioni ya watu walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Ni ugonjwa adimu: Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako umehesabiwa kwa muda mrefu, hugundulika kwa takriban watu 2 kati ya kila watu 100,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa wamepita umri wa miaka 50. Jambo muhimu zaidi kwa msomaji wangu ni kwamba kwa kawaida ugonjwa huo humleta mtu hospitali kwa sababu ya kushindwa kufanya kazi fulani, na kucheza kwa nyama huonekana juu ya misuli ambayo tayari inadhoofika.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha taarifa ya watu 121 ambao nyama zao zilikuwa zikicheza bila ugonjwa kuonekana. Waliwafuatilia kwa miaka kati ya 2 na 32, na hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Mwaka 2013 watafiti wa Sydney nao waliandika kuhusu matabibu waliokuja kwao kwa hofu hii hii, watu wanaoyajua magonjwa ya neva kwa kuyasomea, jambo linaloonyesha kwamba hofu hii haitokani na ujinga. Nimezitaja taarifa hizo kwa sababu ni za kweli na zina uzito. Hata hivyo namsihi msomaji asizirudie kila usiku kama dawa ya kulalia, kwa sababu faraja inayotafutwa kwa namna hiyo huisha kabla ya asubuhi, na sababu yake nitaieleza hapo chini.

Kwenda kwa daktari mara moja, na kwenda vizuri

Kabla ya kwenda, andika ukurasa mmoja tu. Andika dalili ilianza lini, iko wapi, inaongezeka au imesimama, na kazi gani imeshindikana, kama ipo. Andika dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba, pamoja na kiasi cha kahawa, pombe na miraa. Usiache kutaja dawa ulizozitumia miezi ya karibuni. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuumiza neva za miguu kwa kupunguza vitamini B6, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vitamini hiyo pamoja nayo. Metformini ya kisukari ikitumiwa kwa miaka huweza kupunguza vitamini B12. Na siprofloksasini, ambayo watu wengi huinunua dukani kila wanapohisi uchovu na kudhani ni taifodi, imeonywa na mamlaka za dawa kwa kuumiza kano na neva za baadhi ya watumiaji. Mwishoni mwa ukurasa andika sentensi ambayo watu wengi huificha: "Daktari, ninaogopa kwamba nina ugonjwa huu." Daktari asiyeijua hofu yako hawezi kuijibu.

Uchunguzi mzuri hufanywa kwa mikono kabla ya mashine. Daktari atakuomba usukume na kuvuta dhidi ya mkono wake, atagonga magoti na viwiko kwa nyundo ndogo, atakutazama ukitembea kwa visigino na kwa ncha za vidole, atapima hisia za ngozi na kutazama ulimi ukiwa umetulia mdomoni. Kwa damu ataweza kupima potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, sukari, wingi wa damu, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, vitamini B12, VVU, na kimeng'enya kinachovuja misuli inapoharibika. Akiona haja, atakuelekeza kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ambaye anaweza kupima umeme wa misuli kwa sindano nyembamba. Kipimo hicho hakihitajiki kwa kila mtu, na kukidai wakati uchunguzi wa mikono ni wa kawaida kabisa mara nyingi ni hofu inayozungumza.

Hapa niseme wazi juu ya mashine za "kupima mwili mzima", zile ambazo mtu hushika kijiti cha chuma kwa dakika moja na kompyuta ikamtolea kurasa za magonjwa ya ini, figo, neva na mifupa. Mashine hizo hazipimi chochote cha namna hiyo. Mtu mwenye hofu ya ugonjwa akiingia humo hutoka na hofu kumi na furushi la virutubisho vya kununua, na naona uchungu kila ninapofikiria fedha za karo zinazoishia mezani kwa wauzaji hao.

Daktari akishakupima na kusema hakuona ugonjwa, muulize maswali mawili kabla ya kuondoka: ni badiliko gani likitokea nirudi mapema, na kama halikutokea nirudi lini. Andika majibu. Karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda katika miezi inayofuata.

Kuacha kujipima

Neno "wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, na Waislamu wanalijua pia katika habari za udhu. Mtu hutawadha, akashuku, akarudia, akashuku tena, na maji yanakwisha huku shaka ikizidi. Wanazuoni wa fikihi humwelekeza mtu huyo asiifuate shaka hiyo, kwa kanuni kwamba yakini haiondolewi kwa shaka. Hawamwambii atawadhe mara ya saba kwa uangalifu zaidi. Wanajua kwamba kurudia ndiko kunakoilisha shaka.

Mwenye hofu ya udhaifu wa misuli hufanya jambo lile lile kwa mwili wake. Husimama kwa mguu mmoja nyuma ya mlango wa bafu, hukaza ngumi, hulinganisha shavu la mguu wa kulia na la kushoto, hutoa ulimi mbele ya kioo kwa mwanga wa simu. Kila kipimo kati ya hivyo kina mtego wake. Msuli uliopimwa mara arobaini kwa siku huchoka na kutetemeka. Mikono na miguu ya mtu mzima hailingani, na mara nyingi mkono unaotumika zaidi huwa mnene kidogo. Ulimi uliotolewa nje hutikisika hata kwa mtu mzima wa afya, ndiyo maana daktari huutazama ukiwa ndani. Mtu hupata dalili mpya kwa sababu ya kuzitafuta, na akizipata hupima zaidi.

Anza kwa kuhesabu. Kwa siku tatu andika kila mara unapojipima, bila kujizuia na bila kujilaumu. Wengi hushangaa kuona idadi imefika makumi. Wiki inayofuata, kila hamu ya kujipima inapokuja, iahirishe kwa dakika 15 ukiwa umeshika kazi ya mikono: kuosha vyombo, kupanga mboga, kufagia uwanja. Dakika zikiisha na hamu bado ipo, jipime mara moja tu. Kisha ongeza muda hadi nusu saa, hadi saa mbili, hadi jioni. Baada ya wiki nne au sita lenga kufuta vipimo vyote, kimoja kimoja, ukianza na kile unachokiona chepesi kukiacha. Siku za kwanza hofu itapanda, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani njia haifai. Hofu isiyolishwa hupanda, husimama, kisha hushuka yenyewe, na mtu anahitaji kuiona ikishuka mara kadhaa ndipo aamini.

Kuuliza watu nako ni kujipima. Mume anayemwambia mkewe kila jioni, "Mama Salma, hebu nitazame mkono huu, si umepungua?" hupata jibu la "Hapana, Baba Salma, uko sawa," na utulivu wa robo saa. Wakae pamoja siku ya utulivu na wapatane jibu jipya, kwa mfano: "Tulikubaliana nisilijibu swali hilo, njoo ukae hapa tuzungumze mengine." Jibu hilo litolewe kwa upole na mkono begani. Familia isimkemee kwa kumwambia hana kitu, maana ana kitu, wala isimwongoze kwa mganga mpya kila mwezi, kwa sababu kila mganga humpa jina jipya la ugonjwa na sababu mpya ya kuogopa.

Simu inahitaji ukali zaidi kuliko watu. Anayeandika "nyama kucheza na mkono kulegea" hupata kwanza habari za magonjwa mazito, na wale ambao nyama zao zilicheza zikaacha hawakurudi kuandika. Kwa wiki nne usitafute dalili yoyote kwenye intaneti, jitoe katika vikundi vya WhatsApp vinavyojadili magonjwa, na swali lolote litakalokuja liandike kwenye daftari kwa ajili ya siku ya miadi. Tenga dakika 20 kila siku, kwa mfano saa 11 jioni, za kuwaza jambo hili kwa makusudi. Wazo likija saa 4 asubuhi liambie zamu yake ni jioni, kisha urudi kwenye kazi yako.

Mwili, dawa na msaada wa wataalamu

Usilale kitandani kwa kuogopa kuchosha misuli, kwa kuwa misuli isiyotumika hupoteza nguvu haraka na kukupa udhaifu ule ule unaouogopa. Tembea dakika 20 kila siku kwa wiki moja, kisha uongeze kidogo. Miguu ikiuma siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya, hayo ni maumivu ya kawaida. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hatua kwa hatua, na ulinde saa za kulala. Hofu ikikupanda, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita kwa dakika tano. Kuhusu vidonge vya magnesiamu, visinunuliwe kwa mazoea kama kipimo hakikuonyesha upungufu. Maharage, mboga za majani na korosho vina madini hayo.

Usijinunulie diazepamu. Hulegeza misuli, humfanya mtu ahisi kwamba udhaifu umezidi, na huzoesha mwili kiasi kwamba kuiacha huwa shida. Zipo dawa za hofu zinazofaa zaidi, kama setralini au fluoksetini, ambazo daktari huziandika na ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Tiba ya mazungumzo inayofundisha mtu kuchunguza mawazo yake na kubadili mazoea yake imefanyiwa utafiti katika hofu hii hasa. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 444 wa kliniki za kawaida za hospitali, ulionyesha kwamba waliopata tiba hiyo walipungukiwa hofu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida pekee. Wengi kwetu wakisikia kliniki ya afya ya akili hufikiria Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi na kuona aibu, lakini mwenye hofu ya ugonjwa kwa kawaida hahitaji kulazwa. Huhudhuria kliniki ya nje na kurudi nyumbani kwake. Aliyefika mahali pa kuona afadhali afe kuliko kusubiri ugonjwa amwambie mtu leo hii na apelekwe hospitali leo hii.

Dalili zitakaporudi

Nyama zitacheza tena, pengine baada ya malaria, wakati wa mitihani, au katika wiki ya msiba. Siku hiyo rudia swali lile moja: ipo kazi ambayo kiungo hiki kilikuwa kikiifanya na sasa hakiwezi? Ikiwa ipo, au ikiwa limetokea badiliko lolote ambalo daktari alikutajia, rudi kwa daktari yule yule ukiwa na ukurasa wako wa kwanza, ili alinganishe na alichokiona awali badala ya kuanza upya. Ikiwa haipo, andika tarehe kwenye daftari, funga daftari, na subiri hadi siku ya miadi iliyopangwa bila kujipima na bila kutafuta. Ukifika, mpe daktari daftari lote, hata kurasa zile unazoona aibu kuzionyesha.